Tafadhali Niliyoielewa Vibaya

Ilianza Ijumaa, saa kumi kamili jioni, pale abra, mashua ya kuvushia watu, ilipotushusha upande wa Bur Dubai tukitoka Deira. Khalati, dada yake mama, ndiye aliyenialika kwake likizo ya Desemba. Ni fundi cherehani, anashona mabuibui, na kafeel wake, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi, ni bibi mmoja mzee ambaye dukani wote humwita madam. Siku ile tulikuwa tunakwenda kumwamkia. Lakini hasa khalati alikuwa anakwenda kuomba ruhusa. Bintiye, ambaye mimi na yeye tumelelewa pamoja kwetu Mombasa, anaolewa mwezi ujao, na madam asipokubali, khalati hasafiri.

Njia nzima alinifundisha adabu kama mtoto wa chekechea. Ukifika mlangoni vua viatu. Kahawa pokea kwa mkono wa kulia. Usiinamishe kichwa kama mtu aliyeiba. Anajua nilivyo na haya. Hata chipsi mimi huagiziwa na wenzangu.

Tulipofika sokoni akaingia kununua udi wa kumpelekea madam. Akaniachia dirhamu moja ya chenji ya abra, akaniambia nisubiri kivulini.

Sikusubiri. Nyuma ya maduka kulikuwa na vichochoro vimetulia, kuta za mawe ya baharini, milango ya mbao iliyochongwa, na juu ya mapaa ile minara ya kuvuta upepo. Watu hakuna, paka mmoja tu amelala kizingitini, na injini za abra zikisikika kwa mbali kule kwenye khor, ule mkono wa bahari tuliouvuka. Harufu ya chokaa ikanikumbusha Mji wa Kale, nikajiona mwenyeji. Hilo ndilo lililoniponza.

Kwenye kona moja palikuwa na bibi amekaa barazani, miguu mitupu, buibui limepauka, usoni barakoa ya kizamani. Akanitazama sana. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, akasema taratibu, "Tafadhali. Tafadhali, binti."

Kwetu mtu akikaa mlangoni hivyo, akanyoosha mkono na kusema tafadhali, anaomba. Nikamwonea huruma. Nikaitia ile dirhamu kiganjani mwake.

"Pokea, bibi," nikasema, kwa sauti ya mtu mkarimu. Hiyo sauti ndiyo inayoniua hadi sasa.

Bibi akaitazama dirhamu, akaigeuza upande wa pili. Nyuma yangu nikasikia hatua za khalati zinakuja, kisha zikasimama.

"Umempa nini madam?"

  Akaninong'oneza kwamba kwa Kiarabu tafadhali ni karibu. Bibi alikuwa ananikaribisha ndani nikanywe kahawa, na mimi nimempa sadaka kwenye mlango wa nyumba alimozaliwa.

Khalati aliomba radhi mpaka Kiarabu kikamwishia. Madam akafumba kiganja, akasema maneno machache ambayo sikuyaelewa, akaingia ndani. Hatukumfuata. Khalati alisema hana uso wa kumwomba kitu mtu ambaye mimi, mpwa wake, nimetoka kumfanya ombaomba. Kwenye abra hakunigombeza. Alisema "khalas" tu, yaani yamekwisha, akageukia maji, na pakiti ya udi bado iko mapajani. Afadhali angenigombeza. Nililala nimejifunika shuka gubigubi, na kila nikikumbuka "pokea, bibi" mwili unaniwaka moto. Nilimwona akilini binamu yangu amepambwa, anamtafuta mamake kati ya wanawake.

Asubuhi, khalati alipokwenda dukani, nilikaanga mahamri, nikayatia kwenye hotpoti, nikavuka khor peke yangu.

Madam mwenyewe ndiye aliyefungua. Akaiona hotpoti, akaniona mimi. "Tafadhali," akasema, na nyuma ya barakoa macho yake yalikuwa yanacheka.

Nikaingia. Kiarabu changu ni cha madrasa, nasoma lakini sizungumzi. Nikatoa yale maneno yetu ambayo nilidhani na yeye anayo, moja moja.

"Khalati. Binti yake. Arusi. Mombasa." Nikamnyooshea hotpoti. "Ruhusa."

"Arusi?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa, nikasema tena ruhusa, halafu nikaanza kulia, jambo ambalo sikulipanga kabisa.

Akachukua simu, akaongea kwa muda, akaniwekea sikioni. Nikasikia cherehani zinanguruma.

"Uko wapi wewe?" Alikuwa khalati.

"Kwa madam."

"Anasema niende nikamwoze mwanangu." Sauti ilikuwa inamtetemeka. Kisha ikarudi kuwa yake ile ya kila siku. "Umevua viatu?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama na raba zangu katikati ya zulia la madam.

Nikazivua palepale, nikazishika mkononi, nikabaki sijui niziweke wapi.