Uyoga Nilioutupa

Sikusoma sana, na sina hakika kama nakumbuka yote sawasawa. Ilikuwa Mei. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Iringa kukaa nasi miezi sita, Toronto, ghorofa ya kumi na moja, karibu na uwanja wa ndege. Nisimsingizie: hakuwa mkwe wa matatizo. Tatizo lilikuwa hana la kufanya. Wajukuu walimwelewa lakini walimjibu kwa Kiingereza. Jiko nilimkataza mimi, kwa sababu aliwahi kuunguza sufuria mpaka kengele ya moshi ikalia jengo zima. Basi alikaa dirishani akiangalia ndege zinavyotua.

Siku hiyo alirudi kutoka kwenye miti iliyo nyuma ya majengo, ncha za kanga amezikunja kama mfuko.

"Mke wa mwanangu, leo napika mimi."

Akamwaga mezani uyoga ambao sikuwahi kuuona. Mimi nimekulia Dar. Uyoga nilioujua ni wa dukani, mweupe, kwenye kiboksi. Huu ulikuwa wa kahawia, kofia ina vishimo vishimo kama sega la nyuki. Mwanangu akacheka, akasema kwa Kiingereza unafanana na ubongo.

"Mama, unaujua huu?"

"Nimechuma uyoga wewe hujazaliwa. Nitakula peke yangu kwanza, ninyi mngoje mpaka kesho. Nikifa, mtanizika." Akacheka.

Ningeweza kuuweka kwenye friji tumuulize mtu. Badala yake niliuzoa wote kwenye mfuko wa nailoni, nikatoka kwenye korido, nikautumbukiza kwenye bomba la takataka linaloshusha taka mpaka chini ya jengo. Bomba lile lina kelele, na mlango wetu niliuacha wazi. Niliporudi alikuwa anafuta udongo mezani kwa kiganja.

"Haya, mama," alisema.

Hakuomba tena kupika mpaka alipoondoka. Mume wangu alisema nimefanya vizuri, kuna watoto humu ndani. Kuogopa sidhani kama nilikosea. Ila vile nilivyofanya, mbele yake, bila hata kumjibu.

Miaka sita baadaye, mama mmoja wa Kipolandi niliyekuwa nasafisha naye ofisi aliniletea uyoga wa namna ileile, alioenda kuuchuma na mumewe. Akanifundisha: unaupasua kwa urefu. Ulio salama una uwazi ndani kama mrija, kuanzia ncha ya kofia mpaka chini ya shina. Unaofanana nao, wenye sumu, ndani umejaa kitu kama pamba. Na hata huo mzuri usiuonje mbichi.

Nyumbani nikapasua mmoja mmoja. Wote ulikuwa na uwazi. Nikauloweka kidogo kwenye maji ya chumvi, vidudu vikaelea; nikausuuza, nikaukaanga kwa siagi na kitunguu mpaka maji yake yakakauka kabisa. Mtamu, una kitu cha nyama ndani yake. Nilikula vipande vitatu nikaweka uma chini.

Lakini lazima niseme: ule wa mama mkwe sikuupasua. Mpaka leo sijui ndani ulikuwaje.

Jumapili nikampigia simu. "Mama, ule uyoga nilioutupa, nadhani ulikuwa mzuri. Nisamehe."

 Akasema, "Mwanangu, hata mimi sikuujua. Kwetu hakuna wenye vishimo. Nilitaka tu siku moja mle kitu kilichotoka mkononi kwangu."

Sijui kama alisema kweli au alinionea huruma. Anaweza kufanya hivyo, ni mtu wa namna hiyo. Nikamwambia aje tena, safari hii jiko ni lake, aunguze sufuria zote.

"Magoti yamekataa, mama," akasema. "Nipande ndege niende wapi na magoti haya? Pika wewe."