Vitambaa vya Lidwina

Lidwina aliitwa Mama Vitambaa kwa sababu hakuacha chombo uchi: redio, mtungi, hata kompyuta ya duka lao la uchapaji pale Msamala, kila kimoja alikifumia kitambaa chake.

Alasiri moja ya mwaka 1999, yeye na mwenzake George walikuwa wakiiwekea kompyuta hiyo mfumo mpya. Katikati ya kazi ikasimama na kuandika kwamba faili moja la mfumo halionekani kwenye sidii, ile sahani ya kung'aa iliyobeba mfumo huo. Ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa mitihani ya shule ya jirani, bado haijachapishwa, na wanafunzi walikuwa waianze kesho yake.

"Nizime, niwashe?" George akauliza.

"Thubutu! Ukizima sasa huenda isiwake tena. Sidii uliiweka wapi kabla ya kuiingiza?"

"Dirishani, Mama Vitambaa. Nayo ilitaka nguo?"

Lidwina akaitoa kwenye mashine. Ilikuwa imetandwa na vumbi jekundu la barabarani. Akaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, akairudisha, na akabofya pa kujaribu tena. Mashine ikanguruma, ikanyamaza kitambo kirefu, kisha ikaendelea kunakili.

Karatasi ya mwisho ya mitihani ilipotoka, Lidwina alizima mashine, akakung'uta kitambaa mlangoni, akaifunika.