Mshenga wa Chama cha Mazingira

Mke wangu ni mwenyekiti wa tawi la London la chama kidogo cha mazingira cha Italia. Tawi lina wanachama saba, nami nikiwemo. Mimi niliandikishwa ili chai ya mikutano isipikwe na mtu wa nje.

Chama hiki hakijawahi kushinda kitu peke yake. Uchaguzi ukikaribia hutafuta mkubwa wa kujishikiza kwake. Katika ndoa yetu nimekiona kikiungana na watu wa kushoto, kikahamia kwa watu wa kati, kikarudi kushoto kama mtu aliyesahau mwavuli. Kila kikihama, jani letu la kijani hupunguzwa ili lienee ndani ya nembo ya mwenyeji. Safari hii, ili anionyeshe lilipo kwenye bango, mke wangu alihitaji miwani.

Ningecheka, isingekuwa mama mkwe. Anaishi kijijini, kaskazini mwa Italia, na ng'ambo ya bustani yake ya nyanya wanataka kujenga tanuri la kuchomea taka za mji mzima. Chama chetu ndicho pekee kilichopinga. Mshirika wetu mpya hakuwa na msimamo, na makao makuu yaliagiza matawi ya London ya vyama vyote viwili yatoe tamko la pamoja. Mke wangu alitaka sentensi moja tu ndani yake: tanuri lisijengwe.

Tatizo ni kwamba katibu wa tawi la mshirika, mhasibu wa Croydon, alikuwa hasemi na mke wangu. Mwaka uliopita, vyama vilipokuwa maadui, mke wangu alimwita kinyonga mbele ya watu. Kwetu Tanzania, watu wawili wakinuniana hutumwa mtu wa kati. Nikajitolea.

"Utayaweza?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha Iringa, alikofundisha ujanani na ndiko alikonipata.

"Nimewaposea watu watatu, na wote walikubaliwa."

"Mmoja ameachika."

"Hilo si la mshenga."

Nilinunua korosho pale sokoni kwetu Woolwich, nikapanda treni. Mhasibu alinipokea katika mgahawa karibu na kituo cha tramu. Nikamuuliza hali ya wazazi, ya kazi, ya baridi. Akanieleza habari za goti lake, kwa kirefu. Nikawasifu vijana wa chama chake. Mshenga mwenye adabu habwagi neno mezani siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya kubisha hodi. Nilipoaga nikasema kwa upole kwamba tuna jambo letu dogo, tutarudi tulizungumze. "Bila shaka," alisema akitafuna korosho. Tukapiga picha. Tukaagana kama ndugu.

Sijafika Woolwich, tamko likatoka. Picha yetu ilikuwa juu, na chini yake maneno kwamba mazungumzo yalikuwa ya kirafiki na upande wetu haukuwa na pingamizi lolote. Kuhusu tanuri, kimya.

"Ulimwambia?" Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilimgusia."

"Ulimgusia vipi?"

"Nilisema tuna jambo letu."

"Jambo letu! Sasa saa nzima mliongea nini?"

"Goti lake."

Binti yetu, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alitoka chumbani ili acheke vizuri zaidi.

Nikaanza kumweleza mke wangu kuhusu siku ya kwanza. Akanikatiza. "Bwana we, mimi nimekaa Iringa. Hodi naijua. Yule mhasibu hajakaa Iringa!"

Nilimpigia yule mhasibu. Tamko lilikwisha kwenda makao makuu Roma, alisema, na kwa nini sikusema? Aliuliza bila hila yoyote, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu akikudhulumu unapata angalau wa kumlaumu.

Baada ya majuma machache Roma waligombania viti na muungano ukavunjika, tamko likafa nao. Nikajiona nimeokoka. Kisha mshirika mpya akatangazwa: chama ambacho watu wake ndio waliobuni lile tanuri.

Jumapili mama mkwe alipiga simu, akataka kuzungumza na mimi kwanza. Ananiamini, maskini.

"Mwanangu, nyie mko kwenye mikutano. Niambie, nipande nyanya mwaka huu?"

"Panda, mama."

"Chama kimesema hivyo?"

"Hapana. Chama hakijasema kitu."

Mke wangu akaichukua simu, akamtajia mshirika mpya ni nani. Kisha nikasikia sauti ya mama ikiuliza ni nani basi atakayekwenda kusema na watu hao.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Mimi," alisema mke wangu. "Nakwenda mwenyewe."