Mzee wa Mstari wa Pili

Dada yangu ni refa wa snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira mezani kwa fimbo mpaka iingie mifukoni. Kazi yake ni kuvaa glavu nyeupe, kurudisha mipira mahali pake na kunyamazisha watu. Hilo la mwisho alilianza nyumbani, kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake.

Baba, fundi viatu mstaafu, hakukosa mechi yake hata moja. Alikaa mstari wa pili, na kila mchezaji alipoinamia mpira mweusi, ule wenye pointi nyingi kuliko yote, alikohoa. Hakuwa mgonjwa, roho ilimruka tu. Dada alinyooka na kusema, "Mzee wa mstari wa pili, tafadhali." Ukumbi ulicheka. Baba aliitikia kwa kichwa, kisha akakohoa tena. Miaka yote hiyo hakuwahi kumtii.

Mwaka wa korona, mashindano ya kulipwa yalichezwa bila watazamaji. Wachezaji na marefa walifungiwa hotelini, na atakayetoka harudi. Dada alipangiwa nusu fainali na fainali, fainali yake ya kwanza maishani. Wiki hiyohiyo baba akaugua, nami nikaambukizwa nikimuuguza. Mimi nilipoteza kunusa tu, nikasahau hata kama soksi zangu zinanuka. Yeye alilazwa chumbani na mtungi wa oksijeni kando ya kitanda.

"Dada yako asijue," aliniambia. "Akijua atatoka. Mwambie nina mafua."

"Baba, haya si mambo ya kuficha."

"Niahidi."

Nikaahidi shingo upande.

Nusu fainali tuliitazama kwenye runinga juu ya kabati. Viti vilikuwa vitupu, na mipira ilisikika ikigongana kama vikombe jikoni. Mchezaji alipoinamia mpira mweusi wa mwisho, dada aliinua kichwa akatazama viti.

"Mzee wa mstari wa pili, tafadhali."

Mazoea hayo. Mtangazaji aliangua kicheko. Lakini baba alikuwa amebanwa na kikohozi wakati uleule. Akavuta mto, akajiziba mdomo, macho yamemtoka, akashikilia mpaka mpira ukaingia. Nilimrudishia barakoa ya oksijeni usoni nikimgombeza. Niliogopa sana.

Jioni dada akapiga simu.

"Leo nimejiaibisha mbele ya dunia nzima. Baba alicheka?"

"Hakucheka."

"Basi alikohoa."

"Hapana. Alijiziba mdomo kwa mto."

Ahadi sikuivunja, mtungi sikuutaja.

"Alinitii?"

"Alikutii."

Akakata simu bila kuaga.

Kesho yake fainali ilipoanza, mwanamume mmoja ndiye aliyekuwa mezani na glavu nyeupe. Baba alijiinua kwa kiwiko.

"Huyu ni nani? Dada yako yuko wapi?"

Kisha mlango ukafunguliwa. Dada alisimama pale na begi lake, barakoa mbili usoni, bado amevaa kizibao cheusi cha kazi. Baba akamtazama, akaitazama runinga, akamtazama tena.

"Umeacha fainali?" alisema kwa hasira, kisha akavuta mto, akabana midomo, machozi yakimlenga, akizuia kikohozi kisimtoke mbele yake.

Dada aliketi ukingoni mwa kitanda, akamwondolea mto mikononi.

"Mzee wa mstari wa pili," akasema, "kohoa tu."