Sukari Haivuki Peke Yake

Wanafunzi walimwita Mwalimu Chumvi, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali. Miaka thelathini alichora ubaoni seli za utumbo, akisema, "Sukari ni bibi harusi. Haivuki mlango wa seli peke yake. Chumvi humshika mkono."

Kwa hiyo mjukuu wake wa kwanza alipoanza kuharisha, siku ya tatu tangu azaliwe, hakubabaika. Alichemsha maji, akayapoza, akapima chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko. Mtoto akazidi kukauka. Siku ya tisa wakamzika.

Matanga hayajaanuliwa, wifi yake alikwisha kusema. "Kitoto kimebemendwa. Mama yake hakutulia." Mwalimu alijua kuwa neno hilo, linalomtwisha mama kosa la kutoka nje ya ndoa, halina ukweli hata chembe. Lakini liliipeleka aibu upande wa mkwe wake, mbali na ukoo wa mumewe marehemu. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa muhuri. Mkwe akarudi kwao. Mwanawe akamfuata, watu wakacheka kwamba kalishwa limbwata.

Baada ya miaka miwili mwana akapiga simu. "Mama, huyu wa pili naye anaharisha. Tuko hospitali."

Daktari alikuwa mwanafunzi wake wa zamani.

"Mwalimu, kwa mtoto huyu mlango wenyewe ni mbovu tangu kuzaliwa. Chumvi ipo, lakini itampitisha wapi bibi harusi? Sukari ya maziwa inabaki utumboni, inavuta maji. Tumemwachisha ziwa. Tunampa maziwa maalumu yenye sukari ya matunda, maana hiyo ina mlango wake."

"Na maji ya chumvi na sukari?"

Daktari alifungua faili, akalifunga. "Watoto wengi huwaokoa. Wa namna hii huwazidishia kuharisha."

"Kasoro imetoka kwa nani?"

"Kwa baba na mama, wote wawili. Mmoja hatoshi."

Wodini mkwe alikuwa ameshika chupa, mtoto akinyonya. Wifi naye alikuwepo, kaja kuona.

"Wifi, sikia," Mwalimu alisema. "Yule wa kwanza hakubemendwa. Kasoro ilitoka kwenye damu yetu, sawa na ya kwao. Nami nilijua neno lako ni uongo, nikaliacha litembee." Akamgeukia mkwe. "Na yale maji, mwanangu, nilimpa kwa mkono wangu."

Mkwe aliifuta midomo ya mtoto.

"Nimesikia, Mwalimu," akajibu.

Zamani alikuwa akimwita mama.