Ubishi wa Gunia Lililoshonewa Kichwa

“Mathe, mia nane tu ndiyo itufanye tubishane?” broka aliuliza, mkono tayari kwenye mlango wa lori.

Ilikuwa kando ya barabara, pale Free Area. Alikuwa amelipia gunia moja la viazi, lakini alikuwa amelishonea wavu juu, likabeba kupita kiasi. Mimi, mpita njia tu, nina hasira za karibu. Nilishafungua mdomo, mama mwenye viazi akaninyamazisha kwa kiganja. Alifungua wavu, akapima kwa debe lake kilichozidi, kile alichokuwa akikidai mia nane.

“Moja. Mbili. Boss, kubishana ni kwa watu ambao hawajapima. Sisi tumepima.”

Wapakizi waliangua kicheko. Hata broka alitabasamu, shingo upande.

Kamusi nimejisomea mwenyewe, bila mwalimu, na sijaona neno “kubishana” likielezwa kwa unyoofu hivyo. Mtu akibanwa na ukweli hupenda kusema kuna ubishi, ili kosa lake ligawanywe nusu kwa nusu. Nilimpongeza mama kwa kumshika mkono. Aliuchomoa, akaukunjua mbele ya broka.

“Leta mia nane.”