Metali ya Betri Zilizoanikwa

Kwa miaka mingi nimewatangazia watu, kwa ujasiri wa mtu aliyemaliza kidato cha nne, kwamba muziki wa metali, ule wa Wazungu wa magitaa na makelele, huimbwa polepole. Nimebishana harusini. Nimebishana kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kijana mmoja wa bodaboda aliponiambia kuwa metali hukimbia, nilimtazama kwa huruma nikamwuliza amezaliwa lini. Mwezi uliopita ndipo nilipogundua kwamba kilichokuwa kikienda polepole ni radio yetu ya utotoni, kwa kuishiwa betri.

Mliokua nami hapa Iguguno mnayajua mambo ya betri. Betri mpya zilikuwa za baba, kwa ajili ya taarifa ya habari. Zikichoka ananunua nyingine, na zile zilizochoka tunarithi sisi watoto. Tunaziuma kidogo kwa meno, tunazianika juu ya bati kando ya mboga ya mlenda inayokaushwa, zikishapata joto tunakimbia nazo kwa rafiki yangu Msengi, ambaye kwao kulikuwa na radio kaseti. Hata kaseti ya kwaya ya mama yake ilitoka nzito kwenye radio ile. Tulidhani waimbaji wamezeeka.

Mkanda wa metali aliniletea mjomba, utingo wa malori yaliyokuwa yakisimama kwetu kupakia alizeti. Sijui aliutoa wapi. Mjomba hakuwa mtu wa kuulizwa vitu amevitoa wapi. Kwenye jalada kulikuwa na mkono wa chuma unaowaka moto, na jina la bendi limeandikwa kwa herufi zilizochongoka kama miiba ya mgunga, hata mwalimu wetu wa Kiingereza alishindwa kulisoma akasingizia miwani.

Tuliusikilizia ghalani kwao Msengi, juu ya magunia ya alizeti, maana kwenye nyumba za watu tulifukuzwa. Baba alisema, "Hao watu wamebanwa na mlango." Mama, aliyekuwa na huruma zaidi, alisema, "Anayelia hivyo apewe maji kwanza." Na sisi wenyewe mwanzoni tulidhani spika imepasuka. Msengi aliifungua radio, akapuliza vumbi, akaifunga. Makelele yakabaki palepale.

Lakini tungefanya nini? Ndio mkanda tuliokuwa nao, tukaurudia na kuurudia. Siku moja Msengi akainua kidole. "Sikia kwa chini." Nikasikia. Chini ya yale magitaa yanayokwaruza kulikuwa na gitaa jingine, dogo, linaimba kama mtu anayejisemea akipalilia shamba peke yake. Wimbo ulikwenda taratibu kama mkokoteni wa ng'ombe uliojaa kuni, kwa hiyo uliona kila kitu kikipita: ngoma inaanguka, inasubiri, inaanguka tena, sauti ya mwimbaji nzito kama ya mzee anayeamshwa. Nilikaa pale na vumbi la alizeti puani, nywele zimenisimama.

Tangu hapo masikio yangu hayakurudi kuwa ya kawaida. Kanisani, wenzangu wakiwatazama wasichana wa sauti ya kwanza, mimi nawasikiliza wazee wa besi kule nyuma, ambao hakuna aliyewahi kuwasifia. Mashine ya kukamua alizeti ikiwashwa, nasikia mdundo wake na kile kifilimbi chembamba kinachopita juu yake, nasimama njiani na ndoo mkononi mpaka mama aniite. Hata mwiko ukigonga sufuria ya ugali wa uwele, mimi nilikuwa nangoja gitaa liingie. "Huyu mtoto anasikiliza nini?" mama aliwauliza majirani. Aliyejua ni Msengi, kwa sababu naye alikuwa anasimama.

Kisha baba yake Msengi akapata kazi relini, wakahamia Itigi. Tukagawana: yeye radio, maana ilikuwa ya kwao, mimi mkanda, maana ulikuwa wa mjomba. Watoto wana haki nyingi na akili kidogo. Kila mmoja alibaki na nusu isiyosema kitu. Nilipokuja kupata radio ya umeme, ukubwani, mkanda ulikuwa umeshikana kwa joto, radio ikautafuna kabla haujatoa hata neno. Nikabaki na jalada, na wimbo kichwani, na huko kichwani ukaendelea na mwendo wake wa mkokoteni.

Mwezi uliopita mpwa wangu Neema, anayesoma Dodoma, alikuja kunisalimia. Vijana wa sasa wana nyimbo za dunia nzima mfukoni na hawamalizi hata mmoja. Kidole gumba kinaruka mbele kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Sisi tulirudisha mkanda kwa kalamu ili kuokoa betri, mpaka tuupate tena mwanzo wa wimbo mkono unauma. Nilipomwonyesha lile jalada, Neema akalipiga picha, simu ikafikiri kidogo, albamu nzima ikaja.

"Mjomba, ndiyo hii?"

Ilikuwa inakimbia. Mwimbaji alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, ana haraka kama anayefukuzwa na nyuki. Lile gitaa dogo la chini lilipita kabla sijaligeukia.

"Punguza kasi," nikamwambia.

"Mjomba, ndivyo walivyoimba. Yenu ilikuwa betri!" Akacheka mpaka akakaa chini. Alijaribu kuipunguza kwenye simu, ikatoka sauti ileile nyembamba, sasa imelewa. Nami nikacheka, kwa heshima ya mgeni.

Neema amerudi chuoni, ameniachia albamu kwenye simu. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini ile niliyoipenda mimi haiuzwi wala haitafutiki popote. Hata walioirekodi hawajawahi kuisikia. Waliisikia watoto wawili ghalani. Namba ya Msengi ninayo, nilipewa na dada yake tulipokutana msibani. Sijapiga. Nikipiga akaniuliza, "Mkanda upi?" basi itakuwa imebaki kwangu tu, na siku nami nikiisahau itakuwa haijawahi kuwapo. Zamani tulikuwa na betri zilizokwisha na mtu wa kukaa naye gunia moja. Siku hizi umeme upo, simu imejaa chaji, na kiti cha pili hapa barazani kinakaliwa na nguo zinazongoja kufuliwa.

Juzi jirani yangu Mama Zuhura, muuza mafuta ya alizeti, alinikuta nimeshika simu, jina la Msengi liko kwenye kioo, kidole kinaning'inia. Akataka kujua nina nini. Nikamsimulia yote haya, toka betri mpaka msibani, yeye akipepeta uwele. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Jirani, unaogopa Msengi asiukumbuke mkanda, na wewe hata hujui ana watoto wangapi. Msalimie mtu kwanza, hayo makelele yenu yatafuata."